Jiwe la Kusagia Kutoka Ng'ambo

Jina lake sitalitaja, maana sijawahi kulitaja. Nilikaa kwenye ua wa baba mkwe wangu pale Mbugani, mjini Kyela, miaka kumi na mmoja. Nilimpikia, nikamfulia, nikamchotea maji ya kuoga, na kama angekaa mbele yangu kanisani kwenye mji mwingine nisingemjua. Uso wake sikuwahi kuuona. Kwa Wanyakyusa wa mila, mkamwana, yaani mke wa mtoto wako wa kiume, hamwoni baba mkwe wake wala hasemezani naye. Hawakai chini ya paa moja. Ukimsikia anakuja unaacha njia, unageuka, unajifunika kanga. Miaka ile wengi walikuwa wameanza kulegeza, na walokole walikuwa wanapeana mikono na wakwe zao kweupe kabisa. Yeye hapana.

Mimi ni Mkisi wa Matema, mtoto wa mfinyanzi. Nyumbani kwetu mambo hayo yalikuwa yamekwishalegea, kwa hiyo nilipoolewa niliona ni mateso. Wiki ya kwanza nililia. Wiki ya pili nikaanza kucheka. Baadaye, sijui niseme ilikuwa mwaka wa ngapi, nikaanza kumpenda mzee yule ambaye sikumjua sura.

Nilimjua kwa kikohozi. Kabla ya kukata kona ya jiko alikohoa mara tatu, mbili fupi na moja ndefu, halafu akasubiri. Nilimjua kwa kengele ya baiskeli, ambayo alianza kuipiga tangu kwenye mashine ya kukoboa mpunga, mbali kabisa na nyumbani, na wanawake wa mtaa wakanicheka: "Haya kimbia, askari wako huyo!" Nilimjua kwa sahani zake, maana alikula ndizi zote za mbalaga, zile za kupika, na kuacha moja kila siku, moja tu, pembeni. Mama mkwe alikwishafariki kabla sijaolewa, kwa hiyo chakula nilikiweka kwenye kigoda mlangoni, nikagonga sahani na kijiko, nikaondoka. Ndizi ile moja sikuielewa mpaka nilipomsikia siku moja akimwambia paka, "Mpishi naye ale."

Ndiyo, paka. Kwa kuwa hakuruhusiwa kuzungumza nami, alizungumza na paka, kwa sauti ya kunifikia jikoni. "Wewe paka, leo nina safari ya Njisi, sitakula mchana." "Paka, shati langu la Jumapili limekatika kifungo." Mimi nilimjibu kupitia kuku. "Wewe tetea, kifungo kimeshonwa tangu jana, kipo shingoni." Mume wangu akirudi na kutukuta, mmoja na kuku wake na mwingine na paka wake, alikuwa anashika kichwa. Sisi tuliona tunaelewana vizuri kuliko watu wengi waliokaa meza moja.

Alikuwa mwalimu mstaafu wa kazi za mikono, na alikuwa mzee wa kanisa. Hapo ndipo palipokuwa na kichekesho. Jumapili moja walimpa zamu ya kuhubiri, akasimama akasema mila za kuogopana wakwe ni giza, mbele ya Mungu hakuna mkwe, wote ni ndugu. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa na kanga usoni, nikasema moyoni, loo, leo ndiyo leo, leo tutasalimiana. Nikawahi nyumbani, nikafagia ua, nikasimama wima kama mtu. Nikasikia kengele kwenye mashine ya mpunga. Kona ya jiko, koh, koh, kooh. Nikakimbilia chooni.

Na mambo mengine alikuwa vilevile. Vitu vya plastiki alivisema vibaya, ndoo, sahani, vikombe, lakini alikuwa na chupa ya chai ya plastiki yenye maua mekundu aliyoifuta kila asubuhi kama mtoto. Alisema bati linaharibu usingizi, na yeye alilala chini ya bati na mvua ikinyesha alitoka kwenye baraza kuisikiliza. Ukimkosoa alijibu, "Kazi haina kesho, ina leo na uchovu." Sijui hilo lilihusianaje, lakini mtu akishaambiwa hivyo alikuwa anakosa la kusema.

Mara mbili tulikaribiana. Mara ya kwanza natoka kuvuna mpunga Njisi, nikasikia kengele, nikaruka kwenye shamba la kokoa la watu. Kumbe nimesimama juu ya siafu. Na yeye, badala ya kupita, akakutana na mzee mwenzake hapo hapo. Unazijua salamu za Kinyakyusa? "Ugonile," "ndaga," halafu watoto, halafu ng'ombe, halafu mpunga wa kila ndugu mmoja mmoja. Nimesimama nang'atwa mpaka mapajani, nimeuma kanga. Jioni nikamsikia: "Hivi paka, mtu aking'atwa na siafu si anaruhusiwa kupiga kelele? Mimi ningefumba macho tu." Nikajua kumbe alijua. Nikacheka mpaka machozi.

Mara ya pili ilikuwa mnadani, miaka ile ya ruksa mitumba ilipoanza kumwagwa chini kwenye maturubai na kila mtu akainama kuchambua. Niliona koti la kahawia, nikalivuta. Likavutwa upande wa pili. Nikalivuta tena. Ndipo nikauona mkono. Kidole gumba chenye ukucha uliogawanyika katikati, ukucha wa mtu aliyejipiga nyundo zamani, ule ukucha ambao alama yake niliiona kila siku kwenye sabuni yake ya kuogea. Mwe! Niliacha koti, nikaacha na kiatu kimoja. Kiatu alikileta yeye, akakiweka juu ya kigoda. Koti hakulinunua.

Sasa niseme habari ya nyumba, maana ndiyo iliyomfanya ajulikane mji mzima.

Kwao hasa hakukuwa Mbugani. Kwao kulikuwa Njisi, kando ya mto Songwe, na mto ule hauna adabu. Masika moja, yeye akiwa anafundisha mbali, mto uliacha njia yake ukapita nyuma ya migomba ya mama yake. Nyumba ilikwenda na maji. Yalipopungua, kiwanja chao kilikuwa ng'ambo, upande wa Malawi, mchanga mtupu na matete. "Nililala Mtanzania, kiwanja changu kikaamka Mmalawi," alikuwa anawaambia watu, na wote walicheka, na yeye alikuwa hacheki.

Alikuwa na dada mmoja, mkubwa wake, aliyeolewa huko huko ng'ambo. Wakati ninaousema dada huyo alikuwa kikongwe na macho yake yalikuwa yamekufa yote mawili. Siku moja wafanyabiashara wanawake waliotoka kuuza mchele Malawi wakaleta ujumbe, wakausema uani nikiwa jikoni nasikia: "Dada yako anasema hivi. Anataka kukaa nyumbani kwa mama mara moja kabla hajafa." Wale wanawake waliondoka, mzee akabaki amekaa uani. Mwisho nikamsikia, "Paka, nyumba ya mama nitaitoa wapi?"

Kesho yake akaanza kukata mianzi.

Jamani, watu walisema! Miaka ile kila aliyepata kidogo alikuwa anachoma tofali na kutafuta bati, na mwalimu mzima anajenga nyumba ya mianzi na matope nyuma ya nyumba yake, haina dirisha hata moja. Wengine walisema amekuwa mganga. Mume wangu, ambaye alikuwa anapitisha blanketi na redio za kaseti mpakani, alikitamani kiwanja kile aweke kibanda cha video. "Baba, watu wanataka video, hawataki giza!" Mzee akamjibu, "Shangazi yako haoni. Video yake ni hii." Kuanzia hapo hata watani walinyamaza, maana wote walielewa anachokitaka. Anataka kikongwe asiyeona aingie mle ndani, akae, aseme yuko kwao. Asipowahi, basi.

Hakupima kwa kamba. Alifumba macho akatembea uani na miguu mitupu, hatua tatu, akasimama, akasema, "Moto ulikuwa hapa." Alinyanyua kizingiti mpaka goti likakumbuka. Mahali fulani sakafuni aliweka nundu, maana kwa mama yake mzizi wa mti ulipita chini ya sakafu na kila mgeni alijikwaa. Alifunga ndama ndani wiki mbili ili harufu ishike. Alifukiza kuni mbichi.

Kukandika na kusiriba ni kazi ya wanawake, na mwanamke wa pale nilikuwa mimi. Tulijenga kwa zamu. Asubuhi yake, alasiri yangu. Anamaliza, anakohoa, anatoka na baiskeli, mimi naingia. Naukuta ukuta una alama za gumba lake lenye ukucha uliogawanyika, naweka kiganja changu pembeni. Siku moja nilimlalamikia kuku kwamba udongo wa Mbugani unapasuka ukikauka, udongo wa maana ni ule tunaofinyangia kwetu. Siku ya tatu nikakuta magunia mawili mlangoni. Alikuwa ameomba nafasi kwenye gari la mizigo mpaka Matema, mzee yule, akarudi na udongo wa vyungu. Nilifungua gunia nikanusa. Nilimsikia mama yangu, nikasikia ziwa, nikalia pale pale mikono ikiwa michafu. Nilikuwa na miaka mitano sijafika kwetu, na aliyelijua hilo ni yeye tu.

Kilichobaki cha kweli kutoka nyumba ya zamani kilikuwa kitu kimoja. Wavuvi wa mtoni walisema kwenye kile kiwanja cha ng'ambo kuna jiwe la kusagia limezama mchangani. Mume wangu, pamoja na kelele zake zote za video, alikwenda akalichimba, akalifunga kwenye baiskeli, akalisukuma kwa miguu kutoka mpakani hadi Mbugani. Alifika amechubuka viganja. Mzee alilipokea, akaliweka ndani karibu na moto, upande wa kulia wa mlango.

Watu wakaanza kuja. Alikuwa na masharti: vua viatu, fumba macho, usiseme. Muuza mabeseni wa sokoni aliingia akicheka akatoka analia, "Ndama! Kumbe nilisahau ndama!" Mgeni mmoja aliyefikia Matema kwenye nyumba za wageni, msanii kutoka mbali, aliingia, akakaa sana, akatoka akasema kwao watu hutengeneza vyumba kama hivi kwa makusudi, wakaviita sanaa ya kumbukumbu, na watu huja kutoka miji mingine. Alitaka kupiga picha. Mzee akasema, "Mwambieni nyumba hii ina mwenyewe, na bado hajafika."

Dada alifika kiangazi, amekaa nyuma ya baiskeli ya kukodi, amefungwa kanga kiunoni pamoja na mwendeshaji asije akaanguka. Mpakani hawakumuuliza chochote. Mimi nilijibanza nje, nyuma ya ukuta wa ile nyumba, kwenye migomba. Mianzi haizuii sauti.

Nilimsikia akivua viatu. Nilisikia mguu wake ukinyanyuka kwenye kizingiti bila kuambiwa. Hatua ya kwanza, ya pili, akaikwepa ile nundu! Baba mkwe akashusha pumzi mpaka mimi nje nikashusha yangu. Akapapasa ukuta. Akakaa.

"Mdogo wangu," akasema, "umeweka kila kitu."

"Ndiyo, dada."

"Lakini hakuna mtu."

"Tupo, dada. Mimi nipo."

"Nasema hakuna mtu! Hapa ni kwa mama, lakini mama hayupo. Kwa mama mtu alikuwa anasaga. Asubuhi anasaga, mchana anasaga. Huku nimekuja kukaa kaburini."

Nilimsikia baba mkwe akilipapasa jiwe. Maskini. Alikuwa amekumbuka kama mwanamume. Alitoka alfajiri na ng'ombe, akarudi jioni unga umekwishasagwa. Jiwe alilikumbuka, sauti yake ilikuwa imempotea. Na mwanamke wa kumwambia, mimi, alikuwa akiingia mle yeye akiwa ametoka. Miezi yote ile hatukuwahi kuwa wawili ndani ya nyumba.

"Mkamwana wako yuko wapi?" dada akauliza.

"Yuko... huko nje."

"Aje asage."

"Dada! Huyo ni mkamwana wangu. Na mimi nimo humu."

"Si nasikia wewe ni mzee wa kanisa?"

"Kanisani ni kanisani," akasema baba mkwe, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

Yule kikongwe akacheka, kicheko kikavu. "Funga mlango. Humu hamna dirisha, na mimi sioni. Nani atamwona nani?" Halafu akapaza sauti kuelekea ukutani, kama aliyejua nilipo: "Mwanangu wa kwenye migomba, mimi ni shangazi, nimetoka mbali, nimechoka. Ingia."

Nikachota ulezi jikoni. Nusu nikaumwaga njiani. Nikaingia kinyumenyume, kanga kichwani, nikavuta mlango. Giza totoro. Nilisikia pumzi yake, hatua tatu kutoka kwangu, na harufu ya ile sabuni. Nikapiga magoti, nikapapasa jiwe, nikaanza.

Nilisaga kidogo, ndipo akasema.

"Sogea kushoto."

Nikaganda. Hapakuwa na paka mle ndani. Hapakuwa na kuku. Maneno yale yalikuwa yangu.

"Sauti inatokea pabaya," akasema. "Jiwe lilikuwa kushoto. Ndiyo sasa naikumbuka."

"Kushoto," dada akasema. "Kweli kabisa."

Nikasukuma jiwe, zito, likagoma. Kisha nikasikia mkono mwingine umelishika upande wa pili. Tukalisukuma wote, mpaka kushoto, na mkono ukarudi kwake gizani. Nikasaga. Nilisaga ulezi ule wote, nikausaga tena uliokwishasagika. Kikongwe akaanza kuguna wimbo usio na maneno, akalegea, akasema, "Sasa nimefika." Baba mkwe alikuwa analia. Alilia bila kujificha, kwa sauti, na mimi nilikuwa nalia na kusaga.

Shangazi alikaa siku nne. Nyumba ya bati alikataa kuingia hata kula. Kila siku nilisaga, na kila siku baba mkwe alikaa mle ndani, na hatukusemezana tena. Aliporudishwa ng'ambo hakumaliza miezi miwili.

Baada ya hapo mambo yalirudi kama zamani, kikohozi, kengele, paka. Lakini mzee alipungua. Ndizi za mbalaga alianza kuacha mbili, halafu tatu. Masika iliyofuata aliomba ahamishiwe kitanda kwenye ile nyumba ya mianzi, na mchana mmoja mume wangu akaja jikoni akasema, "Baba anauliza kama kuna mtu wa kusaga."

Niliingia kinyumenyume, nikafunga mlango. Nilisaga muda. Kikohozi chake kilikuwa kimebaki kimoja, kile kirefu. Nikasikia, taratibu, hakumtaja paka:

"Mwanangu, fungua mlango. Nataka kumwona aliyenilisha miaka yote hii."

Nilinyanyuka, nikatoa kanga kichwani, nikaifunga kiunoni. Nikausukuma mlango, mwanga wa masika ukaingia mpaka kitandani, nikageuka.

Alikuwa amejifunika uso kwa viganja vyote viwili.

Mazoea, jamani! Yeye mwenyewe aliyeomba! Nilichokiona ni mikono mikavu, na kile kidole gumba chenye ukucha uliogawanyika. Nikasubiri. Vidole vilitaka kuachia, vikashindwa. Nikaanza kucheka, na chini ya viganja nikamsikia naye anacheka, kicheko cha kukohoa.

"Nimeshindwa," akasema. "Wewe umeniona?"

"Sijakuona, tata," nikamjibu, kama mtoto kwa baba yake.

"Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana. "Ndaga fijo, mwanangu. Basi, funga."

Alizikwa wiki iliyofuata. Walipofungua jeneza watu wakapanga mstari kupita kumwangalia, na mume wangu akanishika mkono akaniambia sasa ruksa, pita. Sikupita. Kama ni kuonyeshwa uso wake, alitakiwa anionyeshe mwenyewe, na alijaribu.

Siku ile alipoomba, nilifunga mlango kama alivyosema. Nikarudi kupiga magoti kwenye jiwe, hapo kushoto tulipolisukuma. Nikasikia viganja vyake vikishuka juu ya blanketi, uso wake ukiwa wazi sasa, hatua tatu kutoka kwangu gizani. Nikasaga mpaka aliposinzia.